Sauti Kutoka Chumba cha Chini: Historia ya Nyumba ya Briggs na Vipaza Sauti Vyake

Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba shairi lina maisha mawili: maisha ya kuandikwa na maisha ya kusikika. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hayakutufikia kwa kalamu yake mwenyewe peke yake. Mengi yalikaa vifuani mwa watu, yakapita kinywa hadi kinywa, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika kwa kushirikiana na Mwingereza William Taylor, kabla karne ya 19 haijesha. Kila aliyeyabeba mashairi yale alikuwa na amana. Aliyeongeza neno lake aliiharibu, na aliyepunguza neno la mwenyewe aliiharibu vilevile.

Karne ya 20 ilituletea mbebaji mwingine wa sauti, asiye na kifua wala kumbukumbu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zao, sauti ile ilirudi Unguja ikiwa imechorwa katika santuri, ikasikika katika majumba ambayo mwimbaji hakupata kuyakanyaga. Baadaye ikaja redio, na wazee wetu wakawa wanakusanyika barazani kusikiliza Sauti ya Unguja. Tuliwajua waimbaji, tukawajua watunzi, na wengine waliwajua hata wapigaji wa fidla na wa udi. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza habari za kile chombo cha mwisho katika safari ya sauti, yaani kipaza sauti, ambacho siku hizi wengi hukiita spika. Nani alikaa akakiunda? Na kwa mikono ya nani?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kusimulia historia ya nyumba moja tu, ya mume na mke wa kaskazini mwa Uingereza. Hatudai kwamba vipaza sauti vyao ndivyo vilivyosikika katika baraza zetu. Tumewachagua kwa sababu habari zao zinaonyesha vizuri jinsi kazi hii ilivyoanza katika chumba cha nyumbani, na kwa sababu suala walilohangaika nalo ni lile lile la wabebaji wa mashairi: uaminifu kwa sauti ya mwenyewe.

Gilbert Briggs alizaliwa mwaka 1890 karibu na mji wa Bradford, katika jimbo la Yorkshire. Bradford ya siku hizo ilikuwa mji wa sufu na nguo, na kijana Briggs aliingia katika biashara hiyo akaifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuwa mhandisi, wala hakupata kusomea fizikia chuoni. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mwenye sikio la muziki, mpenzi mkubwa wa piano, na mtu aliyekereka kila aliposikia piano ikitoka katika redio ikiwa imegeuka sauti ya bati.

Biashara ya nguo ilipoporomoka katika mdororo wa uchumi ulioikumba dunia baada ya mwaka 1929, Briggs alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka arobaini. Wengi katika umri huo huona kwamba maisha yamekwisha kuchora njia yake. Yeye, mwaka 1932, alishuka katika chumba cha chini ya nyumba yake mjini Ilkley, akaanza kuunda vipaza sauti. Mji wa Ilkley umo katika bonde la mto Wharfe, na bonde lenyewe huitwa Wharfedale. Basi jina hilo la bonde ndilo alilolipa karakana yake: Wharfedale Wireless Works, yaani karakana ya redio ya Wharfedale.

Hapa yafaa tueleze kidogo chombo chenyewe, kwani pasipo kukijua hatutaijua kazi iliyofanyika chumbani mle. Kipaza sauti cha aina iliyoenea hadi leo kilielezwa na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925. Ndani yake mna sumaku isiyotikisika. Katika mwanya mwembamba wa sumaku hiyo huning'inia koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi juu ya mwanzi mfupi. Koili imeunganishwa na karatasi ngumu yenye umbo la pia, na karatasi hiyo imeshikwa ukingoni kwa kitu laini kinachoiruhusu kwenda mbele na kurudi nyuma. Umeme wa redio ukipita katika koili, koili huvutwa na kusukumwa na sumaku. Karatasi huifuata, hewa hutikisika, na mtikisiko huo ndio tunaousikia kuwa ni sauti ya mtu. Hakuna zaidi ya hayo. Ugumu wote umo katika vipimo: waya ukizungushwa ovyo, koili itakwaruza sumaku, karatasi ikiwa nzito, sauti nyembamba zitapotea, ukingo ukiwa mgumu, sauti nene zitapotea.

Waya ule katika siku za mwanzo ulizungushwa kwa mkono, na mkono huo ulikuwa wa Doris, mke wa Briggs. Historia za kampuni hulitaja jambo hili kwa sentensi moja, kisha husonga mbele kwa mume. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Lakini Doris alikuwapo, na lake lilikuwapo, tena katikati kabisa ya chombo, pale umeme unapogeuka kuwa sauti. Tujaribu kuiona kazi hiyo. Ni waya mwembamba, mizunguko haina budi kulala sambamba bila ya kupandana, na hesabu ikipotea hapana budi kuanza upya. Mwanamke aliyepata kusuka ukili au kudarizi kofia ya viua ataifahamu kazi hiyo bila ya kuelezwa. Ni kazi ya subira na ya vidole, na tabia yake ni kwamba ikifanywa vizuri haionekani. Huonekana tu ilipokosewa.

Mwaka 1933 Briggs alipeleka vipaza sauti vyake katika mashindano ya chama cha wapenzi wa redio wa Bradford, akatoka na tuzo ya kwanza na ya pili pamoja. Mara nyumba ikawa ndogo. Kazi ikahamia katika karakana ya kupanga huko Bradford, wakaajiriwa watu, na kufikia mwaka 1939 vipaza sauti vilikuwa vikitoka kwa maelfu kila mwaka. Vita vilipozuka, kazi iligeuzwa kukidhi mahitaji ya vita, kama ilivyokuwa kwa karakana nyingi za Uingereza. Amani iliporudi, Wharfedale ilikuwa na kiwanda katika kitongoji cha Bradford kiitwacho Idle, jina ambalo kwa Kiingereza husomeka kuwa ni uvivu. Na kwa yakini ni kiwanda kilichokuwa na bidii kuliko anwani yake.

Mambo mawili yalikitofautisha kiwanda hicho na vingine vya namna yake. La kwanza ni vitu vilivyotumika. Yule mtu wa nguo hakusahau nguo: vipaza sauti vingi vya Wharfedale vilishikwa ukingoni kwa kitambaa laini badala ya karatasi iliyokunjwa, ili koni iweze kucheza kwa uhuru zaidi na sauti nene itoke bila ya kulazimishwa. Kisha likaja suala la sanduku. Kila mwenye kupiga ngoma anajua kwamba mbao nayo ina sauti yake. Kipaza sauti kikifungwa katika sanduku la mbao nyembamba, sanduku litaimba pamoja na mwimbaji, na msikilizaji atasikia sauti mbili akidhani ni moja. Dawa aliyoitumia Briggs ilikuwa rahisi hata ikamstaajabisha kila aliyeisikia: alichukua mbao mbili nyembamba za plaiwudi, akaacha nafasi baina yake, akaijaza mchanga. Mchanga hauna sauti. Ukitikiswa, chembe husuguana na mtikisiko ukafia humo humo. Sisi watu wa pwani, ambao mchanga tunaukanyaga kutwa, pengine hatukupata kuufikiria kuwa ni kitu cha kunyamazisha mbao.

La pili ni kalamu. Mwaka 1948 Briggs alitoa kitabu kidogo kuhusu vipaza sauti, akakichapisha mwenyewe, na kwa mshangao wake kikauzwa kwa wingi na kurudiwa mara kadhaa. Kilifuatwa na vingine, kimoja wapo kikiwa juu ya piano na wapigaji wake. Aliandika kwa lugha ya mtu anayezungumza na jirani yake, akitia mzaha hapa na pale, na hakuficha siri za kazi. Alimweleza msomaji jinsi ya kujitengenezea sanduku lake nyumbani, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na masanduku ya kuuza. Mfanyabiashara mwingine angeona huo ni wazimu. Kumbe ndio uliomjengea jina, kwani mtu humwamini fundi anayemwonyesha ndani ya chombo.

Lakini jambo lililomtia katika historia lilitokea mwaka 1954. Mjini London, kando ya mto Thames, kulikuwa na ukumbi mpya wa muziki uitwao Royal Festival Hall, uliofunguliwa mwaka 1951, wenye viti zaidi ya elfu mbili. Briggs aliukodi. Alimshirikisha rafiki yake Peter Walker, mwenye kampuni ndogo ya kuunda vikuza sauti vya Quad katika mji wa Huntingdon, naye pia akiwa mtu wa kazi ya kifamilia. Mwezi wa Novemba mwaka huo waliwaalika watu waje wasikilize, si tamasha la muziki kwa maana ya kawaida, bali mashindano baina ya mtu na chombo. Mpigaji angepiga jukwaani, kisha sauti iliyorekodiwa ingesikizwa kwa vipaza sauti vilivyowekwa jukwaani hapo hapo, na hadhira ingehukumu kwa masikio yake. Tiketi zilikwisha.

Tutafakari hatari aliyojitia mtu huyu. Vikuza sauti vya Walker vya wakati ule vilikuwa na nguvu ya wati 15 tu kila kimoja; leo hata gari dogo linaweza kubeba mtambo wenye nguvu zaidi. Sauti ilitoka kwa mkondo mmoja, kwani santuri za sterio zilikuwa hazijaingia madukani. Na hapakuwa na pa kujificha: piano halisi ilikuwa hapo, na kila mtu ukumbini alikuwa ameisikia dakika chache zilizopita. Ni sawa na mghani kusimama kughani shairi la mtunzi, na mtunzi mwenyewe amekaa safu ya mbele. Onyesho lilifanikiwa, likarudiwa katika miaka iliyofuata, na mwezi wa Oktoba mwaka 1955 Briggs alivuka bahari akalifanya katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York.

Haikosi kuna atakayesema kwamba yale yalikuwa matangazo ya biashara tu. Biashara ilikuwamo, hatukatai. Lakini muuzaji wa kawaida hapendi bidhaa yake iwekwe kando ya kitu halisi; hupenda iwekwe kando ya bidhaa mbovu zaidi. Briggs alikubali kupimwa kwa mizani ya kweli, mbele ya macho ya watu, na huo ni ujasiri ambao wanaobeba sauti za wengine, wawe mitambo au wanadamu, hawajaaliwa wote.

Mwaka 1958 kampuni iliuzwa kwa shirika kubwa la Rank, lililokuwa na majumba ya sinema na biashara nyingi nyingine. Umri wa Briggs ulikuwa unakaribia miaka 70. Mwaka huo huo santuri za sterio zilianza kuuzwa, na kila nyumba iliyohitaji kipaza sauti kimoja sasa ilihitaji viwili. Wakati wa viwanda vikubwa ulikuwa umewadia. Briggs alibaki kazini hadi mwaka 1965, kisha akastaafu. Alifariki mwaka 1978.

Je, nyumba ikiuzwa, historia yake hukoma? La. Mmoja wa wahandisi wake, Raymond Cooke, hakuridhika na mwendo wa mabwana wapya. Mwaka 1961 alitoka akaanzisha kampuni yake ya KEF karibu na Maidstone, katika jimbo la Kent, akianzia katika kibanda cha bati cha kijeshi ndani ya uwanja wa kiwanda cha vyuma, na herufi tatu za jina la kampuni zikatokana na jina la kiwanda hicho. Yaani mwanafunzi naye alianza pale alipoanzia mwalimu: mahali padogo, kwa watu wachache.

Na wapo wengine waliofuata njia hiyo ya nyumbani, na hawa wana jambo linalomhusu msikilizaji wa Kiswahili. Shirika la utangazaji la BBC, ambalo Idhaa yake ya Kiswahili ilianza kusikika mwezi wa Juni mwaka 1957, lilikuwa na kitengo cha utafiti ambako wahandisi walitafuta kipaza sauti cha kutumiwa studio. Katika vipimo vyao, pamoja na mitambo yote waliyokuwa nayo, walirejea tena na tena katika sauti ya mtu anayezungumza. Sababu yake ni nyepesi. Fidla ngeni ikibadilika kidogo sikio halitajua. Lakini sauti ya binadamu tumeizoea tangu kabla ya kutambaa, na kasoro ndogo ndani yake hutushtua.

Mmoja wa wahandisi hao, Spencer Hughes, alianzisha kampuni mwaka 1969 pamoja na mkewe Dorothy. Waliiita Spendor: nusu jina la mume, nusu jina la mke. Mwenzake Dudley Harwood alifanya vivyo hivyo mwaka 1977, akaunga mwanzo wa jina lake na mwisho wa jina la mkewe Elizabeth, ikazaliwa Harbeth. Spencer alipofariki mwaka 1983, Dorothy ndiye aliyebaki akiendesha kampuni, na kijana wao akiwamo kazini. Mshairi atalisoma jina la Spendor kama anavyosoma beti ambayo mtunzi ametia jina lake katika kituo cha mwisho: ni sahihi ya watu wawili, na hapana awezaye kuitaja kampuni bila ya kumtaja mke, hata asipojua kwamba amemtaja.

Doris Briggs hakupata bahati hiyo. Jina lililobaki ni la bonde. Wharfedale limepita mikononi mwa wenyewe kadhaa, na katika miaka ya 1990 lilinunuliwa na kampuni iliyoasisiwa na ndugu wawili mapacha, yenye viwanda vyake Uchina. Ndugu hao walinunua pia jina la Quad. Hivyo majina ya marafiki wawili walioshirikiana katika ukumbi wa mwaka 1954 yakaishia chini ya paa moja, mbali na Ilkley na Huntingdon. Hatuna sababu ya kuwalaumu walionunua. Vipaza sauti vyao vinaimba vizuri, na kazi imewapa riziki watu wengi. Tunasema tu kwamba jina linaweza kuvuka bahari na kuwaacha ufukweni waliolipa uhai.

Tukitazama nyuma, tutaona kwamba historia hii ina mafunzo mawili, na yote mawili yanatuhusu. La kwanza ni kwamba uaminifu wa chombo haukutokana na ukubwa wa kiwanda. Ulitokana na watu waliokuwa na sauti halisi masikioni mwao, wakakataa kuridhika mpaka chombo kiifuate. Briggs alikuwa na piano yake. Wahandisi wa BBC walikuwa na sauti ya msemaji. Asiyeijua sauti ya asili hawezi kuhukumu mwangwi wake. Ndiyo maana kijana anayezijua nyimbo za Siti kwa mkanda ulionakiliwa mara kumi hana budi kuonywa kwamba yale makwaruzo na ile sauti ya puani si ya bibi huyo. Ni ya vyombo vilivyombeba.

La pili ni la mikono. Katika visiwa vyetu na miji yetu ya pwani wamekuwapo, na wengine wangali hai, mafundi wa redio waliozibandika koni zilizopasuka kwa gundi na kipande cha kitambaa, waliozungusha upya koili zilizoungua, waliounda masanduku ya mbao kwa ajili ya vikundi vya taarab. Walikaa katika vibanda vidogo, aghalabu pamoja na kijana wa nyumbani anayeshika taa na mke anayepokea wateja. Sauti za waimbaji wengi tunaowaenzi zilipita katika kazi yao kabla ya kutufikia. Waimbaji wameandikiwa, na ni haki yao. Watunzi nao tunajitahidi kuwaandika. Wale waliokaa nyuma ya sanduku hawajaandikwa, na ilivyo ni kwamba wanatutoka mmoja baada ya mmoja.

Msomaji akimjua mmoja wao, basi na ende akaketi naye, amwulize alijifunza wapi, alitumia waya gani, na nani alimsaidia kuuzungusha. Ayaandike majina yote mawili.